Furaha ya Njia Mbaya

Watu wawili hugombana juu ya motokaa iingiayo msituni, na kila mmoja hudhani kuwa haki yote iko upande wake. Wa kwanza husema kuwa msitu ni mahali pa miguu na kimya. Apitaye humo kwa injini ni mvamizi. Wa pili hujibu kuwa ardhi ya umma ni mali ya wote, basi mwenye motokaa na apite apendapo. Wote wawili wamekosa, na kosa lao ni moja: hapana hata mmoja aliyeitazama njia yenyewe.

Na itazamwe njia ya Vermont, kaskazini-mashariki ya Marekani, mwanzoni mwa Oktoba, majira ya kupukutika majani. Ukijani umefifia, umanjano uliojificha chini yake umejitokeza, na wekundu umeumbwa upya siku hizo hizo za baridi. Chini ya majani hayo iko barabara ya kale. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya nchi ile ilifyekwa kwa ajili ya mashamba na malisho ya kondoo. Wakulima walipohama msitu ulirudi, na leo umefunika karibu robo tatu ya jimbo. Kuta za mawe za mashamba yale zingali zasimama kati ya miti. Barabara nyingi nazo zingalipo. Sheria huziita za daraja la nne, na miji hailazimiki kuzitengeneza kama nyingine. Je, mvamizi ni nani hapo, ikiwa njia ina umri kuliko miti iliyo kando yake?

Yuko msomaji atakayecheka. Aliyepata kusukuma lori katika matope ya masika atauliza ni mwenda wazimu gani aitafutaye taabu hiyo kwa hiari. Kicheko chake ni halali, maana taabu ya kulazimishwa si mchezo. Lakini mashindano ya ngalawa hutumia upepo uleule umtaabishao mvuvi, wala hapana awaitaye washindani wazimu. Mwanadamu hupenda kujipima na kitu kisichomwogopa.

Tena furaha ya njia hiyo haimo katika mbio. Majani yaliyolowa huteleza kama sabuni, na huficha jiwe na shimo kwa zulia moja. Gurudumu likikosa mshiko huzunguka bure, na mwenzake aliye juu ya ardhi imara hapati nguvu ya kutosha kuisogeza motokaa. Kwa hiyo dereva hodari hutia gea nzito, hupunguza upepo wa matairi ili yaikumbatie ardhi, na penye shaka hushuka akaipima njia kwa miguu yake. Hapo yeye na mpenda kimya huwa watu wa mwendo mmoja. Msisimko wake watoka katika uangalifu. Apitaye kwa vurumai ameupata mtikisiko tu.

Huyo wa vurumai ndiye adui wa wote wawili. Akiiacha njia, matairi yake huchimba mifereji, mvua huifuata, na tope huteremka mpaka kijitoni. Katika majira hayo hayo samaki wa trauti hutaga mayai yake penye changarawe safi. Tope likiyafunika, mayai hukosa hewa yakafa. Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa amri ya kuyatawala magari yaendayo nje ya barabara katika ardhi ya serikali ya Marekani, na kanuni ya mwaka 2005 ilitaka kila msitu wa taifa uonyeshe kwa ramani njia zilizoruhusiwa. Wako waliolia kuwa wamenyang'anywa uhuru. Uhuru gani? Ramani imezima tamaa ya kupita popote. Njia zilizomo ni halali kwao. Aharibuye msitu kwa jina la uhuru humpa mpinzani wake hoja, na hoja hiyo ikishinda, njia hufungwa hata kwa mwema.

Basi mpenda kimya na aache kulaani kila injini, na mpenda injini akae njiani. Njia mbaya ni urithi: yataka kupitwa isifutwe na msitu, na yataka kuheshimiwa isije ikaufuta msitu.