Chumba cha Kunyonyeshea Ki Wapi?



Matajiri husema ati mama akitaka kunyonyesha ajitafutie pembe nyuma ya stoo. Upuuzi! Mtoto wa miezi minne hivi hatulii tena kwenye ziwa. Mlango ukilia anageuka. Mtu akipita anaacha kunyonya, anatazama. Na likizo ya uzazi, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ni miezi 3 tu. Basi mama wa Kaptembwo arudi kazini wakati ule ule mtoto anapotaka utulivu. Yaya akimleta penye makelele ya mashini (sisi wa reli twayajua), atashiba nini?

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 haiombi, yaamuru: chumba cha kunyonyeshea, na choo hakihesabiwi. Tena mama apewe nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa, mpaka saa 1 katika saa 8, mbali na wakati wa chakula, na mshahara usikatwe.

Wako wanaume chamani wanaocheka, ati ni mambo ya wanawake. Mtoto huyo ni wa nani?

Kila mjumbe amwulize meneja wake, na jibu liletwe mkutanoni kwa maandishi.