Treni ya umeme na godoro langu

Wadau, nimerudi toka BTP Morogoro, salama kabisa. Hapa Mwananyamala kila ninayekutana naye ananiuliza: "We mwalimu, mbona hukupanda treni ya umeme?" Jamani, nilikuwa na godoro, ndoo, jiko la mkaa na mabango ya kufundishia. Hata sikujaribu. Nilikwenda na basi, vitu vikakaa kwenye buti.

Treni yenyewe naipenda, msinielewe vibaya. Ilianza kubeba abiria Dar–Morogoro Juni 14, 2024, kwa nauli ya kawaida ya 13,000, na unafika hata usingizi haujakolea. Ila ile Mchongoko, iliyoanza Novemba mwaka huohuo, ina mabehewa 8 ya kuchukua abiria 589. Yote ya watu. Begi la nguo sawa, godoro je?

Reli ya zamani, iliyofika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, ilikuwa na behewa la vifurushi. Unapima mzigo, unapewa risiti, unapanda mikono mitupu. Babu anasema ukipita jirani na behewa lile, harufu ya migebuka tu ilikwambia treni imetoka wapi, teh teh.

Kuna wanaosema hayo ni mambo ya enzi za makaa, umeme hauyataki. Si kweli. Kati ya 1959 na 1961 Waingereza walitengeneza mabehewa 10 ya mizigo ya umeme kwa ajili ya treni za London kwenda Dover, kwa abiria waliokuwa wanaenda kupanda meli. Kila moja lilikuwa na mota zake na betri. Likifika gatini pasipo na reli ya umeme, linatembea kwa betri mpaka karibu na meli! Yaliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wenye masanduku walishahamia kwenye ndege na magari.

Sisi hatujahama. Mama mdogo anauza karoti sokoni hapa, na mzigo wake wa Mgeta unasubiri Fuso ijae. Treni ya mizigo ni ya wenye shehena kubwa. Matenga yake matatu nani atayashughulikia?

Kuongeza behewa kwenye Mchongoko ni kazi kubwa, nakubali. Lakini treni zinazovutwa na kichwa, behewa moja linaungwa nyuma tu. Mi ningeanza na ile ya jioni toka Morogoro, karoti zilale Dar.