Mkopeshaji Naye Anadaiwa

Waswahili tunaoishi Rosettenville, tuwe Wakongo wa Bukavu na Uvira au Watanzania, tumelelewa na msemo mmoja: dawa ya deni kulipa. Ukilalamika kwamba mashonisa, mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni, anakukamua, jibu ni hilo hilo. Ulikopa kwa hiari yako, hukushikiwa panga, lipa. Kana kwamba maadili ya mkopo yanamhusu mkopaji tu, na kazi ya mkopeshaji ni kudai.

Nakataa.

Tazama mwisho wa mwezi huku kusini mwa Johannesburg. Kwenye mashine ya pesa yupo mtu mwenye kadi za benki za watu wengine, na namba za siri anazo. Anatoa chake kwanza. Mwenye mshahara anaambulia masalia, na wiki haijaisha anarudi kukopa tena. Wapo wanaowekesha hata pasipoti au karatasi ya ukimbizi, na bila karatasi hiyo mgeni hatembei kwa amani mji huu, wala hathubutu kwenda kulalamika popote. Wanaita dhamana. Mimi naita kifungo.

Riba ya asilimia 50 kwa mwezi si ajabu kwa mashonisa. Chukua randi 1,000, umudu riba tu: baada ya miezi 6 umetoa 3,000, na ile 1,000 bado unadaiwa yote. Sheria ya Mikopo ya Afrika Kusini ya 2005 inakataza kushikilia kadi, namba ya siri au kitambulisho cha mkopaji, na tangu 2016 riba ya mkopo wa muda mfupi haitakiwi kuzidi asilimia 5 kwa mwezi. Sheria hiyo inamtaka pia mkopeshaji apime kwanza kama mwenzake ataweza kulipa. Wajibu unaanza kwake, pesa ikiwa bado mfukoni.

Na leseni pekee haimsafishi mtu. African Bank, iliyojaa mikopo isiyo na dhamana kwa watu wa kipato cha chini, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2014. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba mshahara wa mdaiwa usikatwe mpaka hakimu aridhike kuwa ni haki. Kabla ya hapo makarani wa mahakama walikuwa wakiidhinisha.

Nitaulizwa: bila mashonisa, maskini akope wapi? Akina mama wetu wana likelemba na michezo, vikundi vyao vya kuchangishana pesa kwa zamu. Mmoja akifiwa, mwenzake anampisha zamu, bila riba. Ni fedha kidogo, haimalizi kila shida, nakubali. Lakini shida ya mtu haikupi haki ya kufungia pasipoti yake kabatini.

Nasema nawe hasa, ndugu unayekopesha watu wa kwenu, unayeswali au kusali nao. Warudishie kadi na karatasi zao wiki hii, kisha kaeni mpange malipo wanayoyaweza.