Paka Asiingie kwa Mwenye Mpira

Figo zikishindwa kazi, damu yaweza kusafishwa kwa maji ya dawa yaingiayo tumboni kwa mpira na kutoka tena. Kule Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC ilianza njia hii mwaka 2009.

Ikifika kwetu Katogota, naona tutengeneze kwanza chumba chenye mlango ufungwao. Paka (twampenda kwa ajili ya panya!) hubeba kinywani kijidudu kiitwacho Pasteurella. Akiuma mpira, maji hutoka na ukungu, kama yaliyooshewa mchele. Ndugu, msingoje. Pelekeni mfuko huo kwa muganga akitafute kijidudu. Dawa, kama ampisilini, hutiwa katika maji mapya ya tumbo. Zikipita siku 5 za dawa na maji hayajasafika, mkubali mpira utolewe: vijidudu vimejishika humo.