Kusoma na Hesabu Visingoje Mtihani
Ndugu wazazi, mwaka 2015 Serikali ilileta mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili. Michango ya lazima ilipofutwa mwaka 2016, madarasa hayo yalifurika.

Hapa Nkuhungu, Dodoma, tunamwona mtoto asomaye juzuu yake madrasa bila kusita, ilhali kitabu cha Kiswahili cha darasa la tatu kinamshinda. Akili anayo. Madrasa husikilizwa peke yake kila siku, akikosea herufi hurudishwa papo hapo. Shuleni mwalimu mmoja ana umati. (Hesabu, nasi walimu wa madrasa tumeipuuza, ingawa mirathi haigawiki bila hiyo.)

Basi tangu Januari msikilizeni ukurasa mmoja kila jioni, na akitoka dukani ahesabu chenji mbele yenu.