Ukuta wa Mto na Digrii ya Sanaa

Kiangazi kikikolea Kitui, mto hubaki mchanga mtupu. Mama hupiga magoti, akachimba kwa kipande cha kibuyu, akangoja. Maji hujikusanya taratibu, naye huyachota kikombe kwa kikombe mpaka mtungi ujae. Chini kidogo kuna ukuta wa mawe na saruji uliokinga mto. Hilo ndilo bwawa la mchanga: mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, maji hujificha humo jua lisiyafikie.

Kuuchora ukuta ni kazi ya mhandisi. Lakini kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa, kuna maswali yasiyopimwa kwa rula. Kingo hizi mbili ni za nani? Nani alikosana na nani mwaka wa njaa? Mwethya, yaani kikundi cha kijiji cha kufanya kazi kwa pamoja, watatoka kubeba mawe, au watabaki majumbani? Na mchanga ukishajaa, nani atalizuia lori la Nairobi linalokuja kuuzoa? Kaunti jirani ya Makueni ilibidi itunge sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na sheria hiyo haikutoka maabara.

Ndiyo maana wimbo wa kwamba kozi za sanaa hazina soko umenichosha. Rais Museveni ameuimba Uganda miaka mingi, nasi tunauitikia. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo simbezi. Bahasha za kaki za kuombea kazi zimezungushwa vya kutosha kati ya mji wa Wote, Makueni, na Nairobi. Lakini Makueni hiyohiyo ilipata sifa kwa vikao vya wananchi vya kupanga bajeti, kuanzia kijijini, chini ya Kivutha Kibwana, gavana wa 2013 hadi 2022: profesa wa sheria, mwandishi wa tamthilia na mashairi. Sidai mashairi hutengeneza barabara. Ila kumkalisha mkulima wa maembe na karani wa fedha mpaka waelewane ni ujuzi.

Lawama yangu iko kwingine. Mwanafunzi wa sosholojia anaweza kumaliza miaka minne bila kuketi katika kikao kimoja cha mwethya, huku historia ya njaa akiikariri kutoka maandishi aliyoyanakili mwalimu wake akiwa kijana. Sanaa ya namna hiyo sina ulimi wa kuitetea.

Huko Kwa Vonza, Kitui, ambako Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilipata hati yake mwaka 2013, mito ya msimu haiko mbali. Waende wanafunzi wawili: mmoja wa uhandisi apime mwamba, mwenzake wa sanaa amsikilize mzee anayekumbuka mto ulipopita kabla ya ukuta. Na alama za mtihani zitoke hapo.