Hisabu ya Gofu Si ya Wenye Klabu Peke Yao

Kila baada ya mwisho wa juma magazeti yetu huleta matokeo ya gofu, na wasomaji wengi huyapita mbio wakaangukia kwenye kandanda. Si uvivu wa kusoma. Habari zile huandikwa kana kwamba msomaji amelelewa ndani ya klabu: fulani kapata alama 38, fulani yuko tatu chini ya pari, fulani hendikapu yake ni 12. Asiyejua atafanyaje?

Nayaandika haya nikiwa Burnt Forest, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, ambako baridi ya alfajiri humfanya mtu wa pwani atie udhu kwa kuhimizana na nafsi yake. Hotelini, juu ya chai ya maziwa, vijana walinionyesha gazeti wakaniuliza: "Mzee, huyu wa 70 amemshindaje wa 74?" Swali hilo hilo nimelisikia Mombasa, ambako uwanja wa gofu umekaa kando ya bahari, karibu na kivuko cha Likoni, tangu mwaka 1911. Zaidi ya miaka mia moja tumepita kando yake tukienda feri, na bado hisabu yake tumeiachia wenyewe.

Basi tuisome. Katika gofu anayepiga mara chache ndiye mshindi. Mchezo mzima ni mashimo 18, na kila shimo upana wake ni milimita 108, kiasi cha mdomo wa kikombe. Viwanja vya Eldoret na Mombasa vina mashimo 9 tu, kwa hiyo wachezaji huzunguka mara mbili. Kila shimo limepewa idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kuyatumia mpaka mpira utumbukie: matatu kwa shimo fupi, manne kwa la wastani, matano kwa refu. Idadi hiyo ndiyo pari. Ukijumlisha pari za mashimo yote utapata pari ya uwanja, aghalabu kati ya 70 na 72.

Majina yanayofuata ni ya ndege, na hapa Waingereza na Wamarekani wamejichekesha wenyewe. Ukipunguza pigo moja katika pari umepata bedi, yaani kidege. Ukipunguza mawili umepata tai, nao humwita igo. Ukizidisha moja ni bogi, na bogi asili yake ni zimwi la kutishia watoto katika wimbo uliovuma Uingereza miaka ya 1890. Ukizidisha mawili ni bogi mbili. Sioni kwa nini mwandishi wa Kiswahili asiseme "kidege" na "tai" na "zimwi" akaeleweka na bibi yake.

Tuchukue mfano wa kweli. Mwaka 2019 mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza 1967, yalichezwa Karen, Nairobi, nayo yakashindwa na Guido Migliozzi wa Italia kwa mapigo 268. Pari ya uwanja ilikuwa 71, na siku za kucheza ni nne, basi pari ya siku zote ni 284. Ondoa 268, zabaki 16. Ndiyo maana ya kuandikwa kwamba alimaliza 16 chini ya pari. Waliomfuata walizidiwa kwa pigo moja tu. Seve Ballesteros aliyeshinda mashindano hayo mwaka 1978 alihesabiwa kwa njia iyo hiyo.

Hao ni mabingwa. Kwa mtu wa kawaida kuna hendikapu, nayo kwa maoni yangu ndiyo busara kubwa ya mchezo huu. Ni mapigo ambayo mnyonge husamehewa ili acheze na hodari pasiwe na dhuluma. Mwenye hendikapu 18 akipiga 90, husamehewa 18, ikabaki 72. Akicheza na mwenye hendikapu 4 aliyepiga 78, huyo hubakiwa na 74, na yule wa 90 ndiye mshindi. Tangu mwaka 2020 hendikapu yaweza kufika hadi 54, kwa hiyo hata mwanafunzi wa jana ana mahali pake. Mzee na mjukuu wake waweza kushindana kweli kweli, jambo ambalo kandanda haliliwezi.

Na zile alama 38? Ni hisabu ya Dakta Frank Stableford wa Uingereza, iliyotumika katika mashindano mwaka 1932. Baada ya kuondoa mapigo ya msamaha, pari katika shimo ni alama 2, zimwi ni 1, kidege ni 3, tai ni 4. Ukiharibu zaidi ya hapo hupati kitu, unaokota mpira wako na kwenda zako. Hapa mwenye nyingi ndiye mshindi. Anayecheza sawasawa na hendikapu yake hupata 36, kwa hiyo mwenye 38 siku hiyo amejipita mwenyewe.

Kuna na hewa. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hewa nyepesi haiuzuii mpira sana. Pigo lile lile litafika mbali zaidi Eldoret kuliko Mombasa, ambako hewa ni nzito na kaskazi na kusi nazo zina maneno yao.

Lakini lililonivuta mimi ni kadi. Huandiki mapigo yako mwenyewe. Mwenzako huyaandika, nawe huyakagua na kutia sahihi. Sisi tuliozoea mashahidi katika nikaha na katika deni hatuhitaji kufundishwa uzito wa jambo hilo. Mwaka 1968 huko Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alipiga mapigo matatu katika shimo la 17, mwenzake akaandika manne. De Vicenzo akatia sahihi bila kuangalia. Sheria yasema ukitia sahihi kwa idadi iliyozidi, hiyo ndiyo yako. Ukitia kwa iliyopungua, unafukuzwa mashindanoni. Akapoteza taji kwa pigo moja ambalo hakulipiga, nayo ilikuwa siku aliyotimiza miaka 45.

Msomaji ataniuliza juu ya kamari, na ana haki. Wapo wanaowekeana fedha kila shimo, na hukumu ya hilo haihitaji fatwa mpya. Hesabu ya mapigo haikumlazimisha mtu kuweka hata senti. Baa ya klabu iko ndani, mashimo yako nje. La kuangalia zaidi ni saa: mashimo 18 huchukua kiasi cha saa nne, na anayeanza saa nane mchana alasiri itamkuta katikati ya uwanja.

Wanaoijua hisabu hii vizuri kabisa ni makedi, vijana wanaobeba mikoba ya wenzao kwa ujira, na wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia hapo. Wao huizungumza kwa Kiswahili kila siku. Wahariri wa michezo na wawaulize, kisha pembeni ya matokeo ya kila juma watie mistari mitatu ya maelezo: pari ya uwanja, mapigo ya mshindi, na hendikapu yake.